Mchoro wa Mchakato Unapokwama: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Mchoro wa mchakato wa kazi unaweza kupita kikaoni bila pingamizi, ukabandikwa ukutani na kutiwa saini na wakuu wa idara, kisha ukakwama siku ya kwanza unapopakiwa kwenye injini ya utekelezaji, yaani programu inayouendesha mchakato hatua kwa hatua kama ulivyochorwa. Sababu yake inaeleweka. Jicho la mtu aijuaye kazi huruka pengo na kujijazia kisichochorwa, ilhali injini hutekeleza kilichochorwa peke yake. Mwongozo huu unawalenga wanaochora na kuendesha michakato katika vyama vya akiba na mikopo, vyama vya ushirika, maduka ya jumla na ofisi za umma kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, na ambao wanatumia lugha ya michoro ya BPMN 2.0. Lugha hiyo ilitolewa na shirika la Object Management Group mwaka 2011 na kuidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510, mwaka 2013. Kwa hiyo kanuni nyingi zinazoelezwa hapa hazibadiliki, uwe unatumia Camunda, Bizagi au Flowable. Pale programu zinapotofautiana nimeeleza.

Mfano utakaotuongoza ni wa chama cha ushirika wa maziwa upande wa Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, ambacho hupokea maziwa alfajiri, huwalipa wakulima mwisho wa mwezi, na huwakopesha kwa dhamana ya maziwa yao na ya wanachama wenzao. Michakato ya namna hii ina karibu kila jambo linaloisumbua injini: malipo kwa simu, wadhamini watatu, kamati inayokutana mara moja kwa wiki, na umeme unaopotea bila taarifa.

Kwanza, tafuta tokeni ilipo

Injini ya mchakato huongozwa na tokeni. Tokeni hii, ambayo haihusiani na ile ya kununulia umeme, ni alama inayozaliwa kwenye tukio la mwanzo, hufuata mishale, husimama kwenye kila kazi hadi kazi hiyo ikamilike, na hufa kwenye tukio la mwisho. Ombi moja la mkopo linaweza kuwa na tokeni moja au kadhaa kwa wakati mmoja, na halihesabiwi kuwa limekwisha mpaka tokeni yake ya mwisho ife. Kwa hiyo, kabla hujagusa mchoro wala mipangilio, jiulize tokeni imesimama wapi na inangoja nini. Injini nyingi zina ukurasa wa usimamizi unaoonyesha hilo. Katika Camunda 7 unaitwa Cockpit, na katika Camunda 8 unaitwa Operate. Zana za mradi wa bpmn.io zina nyongeza ya kuigiza mwendo wa tokeni kabla hata mchoro haujapakiwa. Usipokuwa na lolote kati ya hayo, chapisha mchoro kwenye karatasi, weka punje ya maharagwe kwenye tukio la mwanzo, na uisogeze kwa mkono ukifuata kanuni za alama bila kujihurumia. Njia hii ni ya kizamani, lakini nimeona ikifichua makosa ambayo vikao vitatu vilikuwa vimeyapita.

Dalili: ombi limesimama mbele ya lango na hakuna kosa lililoripotiwa

Ofisa wa mikopo amemaliza kukagua, orodha ya kazi za kila mtu ni tupu, kumbukumbu za seva hazionyeshi kosa, na bado ombi halijafungwa. Chanzo cha kawaida ni malango mawili yasiyolingana (lango ni alama ya mchoro ambapo njia huachana au hukutana). Njia ziligawanywa kwa lango la uchaguzi, lile lenye alama ya X, ambalo hupitisha tokeni kwenye njia moja tu; kisha zikaunganishwa kwa lango sambamba, lile lenye alama ya kujumlisha, ambalo hungoja tokeni kutoka kwa kila mshale unaoliingia. Tuseme mkopo wa hadi shilingi 100,000 huamuliwa na ofisa, na unaozidi hapo hupelekwa kwa kamati. Hakuna mkopo unaopita kote kuwili, lakini lango la kuunganisha linangoja tokeni za pande zote mbili. Litangoja milele, na injini haitalalamika, kwa kuwa kungoja ndiyo kazi iliyopewa. Tiba ni kuunganisha kwa lango la aina ile ile iliyogawanya.

Sura ya pili ya tatizo hili ni ngumu zaidi kuigundua, kwa sababu ndani yake malango yanalingana kabisa. Mchoraji ametuma maombi ya udhamini kwa wanachama watatu kwa mpigo kupitia lango sambamba, na majibu yao anayakusanya kwa lango sambamba. Kwenye tawi la kila mdhamini kuna swali kama amekubali au amekataa, na akikataa mshale unaelekea kwenye tukio la mwisho lililoandikwa "Ombi limekataliwa". Mchoraji anasoma maneno hayo na kuamini kwamba ombi limefikia mwisho. Injini haiyasomi. Tukio la mwisho la kawaida huua tokeni iliyolifikia peke yake, na tokeni za wadhamini wawili waliokubali huendelea hadi lango la kukusanya, ambako humngoja mwenzao wa tatu, sawa na kondakta wa matatu katika stendi ya Kisumu anayemwekea nafasi abiria aliyekwisha kupanda gari jingine.

Hapa kuna tiba zaidi ya moja, na kuchagua kati yao si kazi ya mchoraji peke yake. Unaweza kubadilisha tukio la mwisho liwe la kusitisha, lile lenye duara lililojazwa ndani yake, ambalo huua tokeni zote za ngazi hiyo. Kumbuka tu kwamba likiwekwa ndani ya mchakato mdogo husitisha mchakato huo mdogo peke yake, na mchakato mkuu huendelea. Unaweza pia kuachana na matawi matatu, ukachora kazi moja inayorudiwa kwa kila mdhamini, ile yenye mistari mitatu ya wima chini yake, na kuipa sharti la kukamilika: wa kwanza akikataa, maombi yaliyobaki yafutwe. Mpangilio huu ninaupendelea, kwa kuwa idadi ya wadhamini ikibadilishwa na mkutano mkuu hutalazimika kuchora upya. Lakini kabla ya lolote, uliza chamani: mdhamini mmoja akikataa, je, ombi hufa, au mwombaji hupewa nafasi ya kuleta mwingine? Ukiambiwa kwamba hupewa nafasi, basi tiba zote mbili nilizotaja ni makosa, na kinachohitajika ni mshale wa kurudi kwa mwombaji pamoja na kikomo cha muda. Injini ilikwama kwa sababu swali hilo halikuwahi kuulizwa, na hakuna lango linaloweza kulijibu kwa niaba ya wanachama.

Dalili: kazi moja inafanyika mara mbili

Hii ndiyo dalili ninayoichukulia kwa uzito kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi huonekana kwanza kwenye malipo. Mwanachama anapokea jumbe mbili zinazofanana, mhasibu anaona kazi moja imejiandika mara mbili kwenye orodha yake, au, vibaya zaidi, mkulima analipwa mara mbili na chama kinabaki kumwomba arudishe.

Chanzo cha kwanza ni kinyume cha kile cha dalili iliyotangulia: njia ziligawanywa kwa lango sambamba, zikaunganishwa kwa lango la uchaguzi, ambalo hupitisha kila tokeni inayolifikia bila kungoja nyingine. Kilicho mbele yake hufanyika mara nyingi kadiri ya matawi. Kosa hilo hilo hujificha pale mishale miwili inapoingizwa moja kwa moja kwenye kazi bila lango lolote, maana kwa kanuni za BPMN kazi hiyo itaanza upya kwa kila tokeni inayoingia. Vivyo hivyo, mishale miwili isiyo na masharti inayotoka kwenye kazi moja hugawanya njia sambamba, hata kama mchoraji alikusudia uchaguzi. Ushauri wangu ni kuchora lango kila mahali njia zinapoachana au zinapokutana. Mchoro utakuwa mpana kidogo, lakini atakayeusoma mwakani hatalazimika kukisia.

Chanzo cha pili ni tukio la muda lililobandikwa kwenye mpaka wa kazi. Duara lake likichorwa kwa mstari mzima, muda ukiisha kazi hukatizwa na tokeni huhamia kwenye njia ya tukio. Likichorwa kwa mstari wa vipande, kazi huendelea na tokeni mpya huzaliwa pembeni. Mstari wa vipande unafaa kwa kumkumbusha ofisa aliyechelewa. Haufai kwa kuhamishia kazi kwa msimamizi, kwa sababu ofisa na msimamizi wataamua ombi lile lile, kila mmoja bila habari ya mwenzake.

Chanzo cha tatu hakionekani kwenye mchoro hata kidogo. Hatua ya mfumo hutuma agizo la malipo, mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi, na injini, ikidhani kwamba hatua imeshindwa, hujaribu tena. Camunda 7, kwa mfano, huanza na mpangilio wa majaribio matatu kwa hatua zinazoendeshwa chinichini. Malipo ya kwanza yalikuwa yamepita. Tiba ni kutoa nambari ya kipekee ya muamala katika hatua inayotangulia, kuihifadhi, na kuituma nambari hiyo hiyo katika kila jaribio, ili mfumo wa malipo uweze kutambua kwamba agizo hili umekwisha kuliona. Angalia pia kwamba kati ya hatua ya kutoa nambari na ile ya kulipa kuna kituo cha kuhifadhi. Hatua zote mbili zikiwa ndani ya shughuli moja ya hifadhidata, kushindwa kwa ya pili kutaifuta ya kwanza, na jaribio linalofuata litatoka na nambari mpya, yaani malipo mapya. Kwa kazi ya malipo ninashauri majaribio ya kujiendesha yaondolewe kabisa, na kila lisilo na jibu lipelekwe kwa mhasibu ahakikishe kwa macho yake kabla ya kulituma tena.

Dalili: injini inasema hakuna njia iliyochaguliwa

Ujumbe wa namna hii humaanisha kwamba tokeni imefika kwenye lango la uchaguzi na hakuna sharti hata moja lililotimia. Tazama mipaka kwanza. Njia moja inasema kiasi kiwe chini ya 100,000, nyingine inasema kizidi 100,000, na mwanachama ameomba 100,000 kamili, kiasi ambacho watu hupenda kuomba kwa kuwa ni namba ya mviringo. Kwenye mapokezi ya maziwa hali ni hiyo hiyo: chama kikiweka kwamba maziwa yanayosoma chini ya 26 kwenye laktomita, kifaa cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, yakataliwe na yanayozidi 26 yapokewe, mkebe unaosoma 26 hauna pa kwenda.

Mipaka ikiwa sawa, tazama aina ya data. Kiasi kilichoandikwa na karani kama "100,000", pamoja na koma, huenda kimehifadhiwa kama maneno na si kama namba, na katika FEEL, lugha ya kuandikia masharti inayotumiwa na Camunda 8, kulinganisha maneno na namba hakutoi ndiyo wala hapana. Hutoa utupu, na sharti halitimii. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye fomu huleta matokeo hayo hayo. Rekebisha kwenye fomu yenyewe, kwa kuifanya ikubali tarakimu tu na isikubali kuachwa tupu, badala ya kurundika masharti kwenye lango.

Kisha weka njia ya kawaida, ule mshale wenye mkwaju mdogo mwanzoni, utakaofuatwa masharti mengine yote yakishindwa. Tafadhali usiielekeze kwenye idhini. Nimekuta michoro ambamo njia ya kawaida ni "Idhinisha", maana ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuchorwa, na hivyo kila fomu yenye kasoro ilikuwa ikipitishwa bila mtu kuitazama. Njia ya kawaida impelekee binadamu ombi alikague.

Dalili: malipo yamefika kwenye simu, lakini mchakato haujasonga

Mwanachama amelipa ada ya usajili kwa M-Pesa, ana ujumbe wa uthibitisho mkononi, na injini bado inangoja. Hapa tukio la kupokea ujumbe linashindwa kuoanisha taarifa ya malipo na ombi husika, na sababu hutofautiana.

Iliyo ya kawaida zaidi ni kutumia nambari ya simu kama ufunguo wa kuoanisha. Kwenye fomu mwanachama ameandika nambari inayoanza na 07, lakini Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, huirudisha ikianza na 2547, na kwa injini hayo ni maandishi mawili tofauti. Wengi hurekebisha kwa kubadilisha muundo wa nambari, wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza, kwa sababu malipo yakishindwa taarifa inayorudi haina sehemu yenye maelezo ya muamala, ikiwemo nambari ya simu, na hivyo malipo yaliyoshindwa hayataoanishwa kamwe. Tumia CheckoutRequestID, nambari ya kutambulisha ombi la malipo, ambayo unaipata papo hapo unapotuma ombi la malipo na ambayo hurudi katika taarifa zote, za kufaulu na za kushindwa. Ihifadhi kwenye data ya mchakato kabla tokeni haijalifikia tukio la kungoja.

Hilo la mpangilio wa wakati lina uzito wake. Camunda 7 haihifadhi ujumbe uliofika mapema: taarifa ikiingia kabla ya tokeni kulifikia tukio la kupokea, injini hujibu kwamba hakuna anayeingoja, na ujumbe hupotea. Camunda 8 huweza kuuhifadhi kwa muda unaoutaja wewe mwenyewe. Kwa injini isiyohifadhi, iandikishe kwanza taarifa yoyote inayoingia kwenye jedwali, kisha mchakato uende kuiuliza.

Kagua pia kama mchoro unajua kushindwa. Katika taarifa inayorudi, ResultCode (namba ya matokeo) ya 0 humaanisha malipo yamefaulu, 1032 humaanisha mwenye simu ameghairi, 1037 humaanisha simu haikupatikana au haikujibu. Michoro mingi ina njia ya 0 tu. Weka lango la matukio ambalo hungoja lile litakalotangulia kati ya taarifa ya malipo na kipima muda cha dakika chache, na baada yake lango la uchaguzi litakalosoma matokeo. Mwisho, hakikisha anwani ya kupokea taarifa inafikika kutoka nje kwa HTTPS. Seva iliyo ndani ya mtandao wa ofisi huko Kisumu, ambayo kompyuta za ofisi zinaifungua bila shida, inaweza kuwa haionekani kabisa kutoka kwa mtandao wa malipo.

Dalili: kipima muda kinaamka wakati usiofaa

Muda katika BPMN huandikwa kwa kiwango cha ISO 8601, na herufi moja hubadilisha mambo yote. PT15M ni dakika 15; P15M, bila herufi T, ni miezi 15. Kikumbusho ambacho "hakifanyi kazi" mara nyingi kiko sawa, kinangoja mwaka ujao.

Kikiwa kimepishana kwa saa tatu kamili, seva inahesabu kwa saa za UTC na Kenya iko saa tatu mbele yake mwaka mzima. Andika tarehe pamoja na +03:00. Kikiwa kimepishana kwa saa sita, rudi kwenye daftari la mahojiano. Karani aliposema ripoti itoke saa mbili asubuhi alimaanisha 08:00, na aliyeandika 02:00 alichukua namba akaacha asubuhi.

Suala gumu ni siku za kazi. P3D ni siku tatu za kalenda, na BPMN haijui Jumapili wala Sikukuu ya Mashujaa ya Oktoba 20. Ombi lililowasilishwa Ijumaa jioni litahesabiwa kuwa limechelewa Jumatatu jioni, na ofisa atapewa onyo asilostahili. Tengeneza jedwali la sikukuu, na hatua ndogo ya mfumo itakayokokotoa tarehe ya mwisho kabla ya kipima muda kuanza. Jedwali hilo liwe mahali ambapo mtu wa ofisini anaweza kuliongezea siku, kwa kuwa tarehe ya Idd-ul-Fitr hutegemea mwezi kuandama na baadhi ya mapumziko hutangazwa kwa siku chache tu. Mapokezi ya maziwa usiyaingize kwenye hesabu hii. Ng'ombe hukamuliwa Jumapili na sikukuu.

Dalili: kazi ipo, lakini hakuna anayeiona

Katika injini nyingi, Camunda ikiwa mojawapo, safu zinazogawa mchoro kwa majina kama "Mhasibu" na "Kamati" ni za msomaji tu na hazimgawii mtu kazi. Ugawaji huandikwa kwenye sifa za kazi yenyewe. Kagua kwamba jina la kundi lililoandikwa hapo linafanana herufi kwa herufi na la kwenye mfumo wa watumiaji, kwa kuwa "Wahasibu" na "wahasibu" ni makundi mawili. Usigawe kazi kwa jina la mtu. Siku atakapokwenda likizo au kuhamishiwa tawi la Molo, kazi zake zote zitabaki kwenye orodha isiyofunguliwa na yeyote.

Dalili: faili haipakiki au haifunguki kwingine

Mchoro uliochorwa kwa programu ya michoro ya kawaida ni picha ya mistari na visanduku, na injini haina cha kusoma ndani yake. Hata ukiwa na alama sahihi za BPMN, itabidi uchorwe upya kwenye programu ya kuchorea michakato. Faili ikiwa ni ya BPMN halisi na bado inakataliwa, ifungue kwa kihariri cha maandishi utazame kama isExecutable, sifa inayoiruhusu injini kuuendesha mchakato, imeandikwa true. Mshale wa mtiririko uliovuka kutoka uwanja wa chama (kisanduku kikubwa kinachobeba mchakato wake) kwenda uwanja wa benki hukataliwa pia, maana kati ya viwanja viwili hupita ujumbe tu, kwa mshale wa vipande. Na faili iliyotengenezwa kwa ajili ya Camunda 7 haitaendeshwa na Camunda 8 bila kubadilishwa, hata kama inafunguka na kuonekana vizuri.

Ikiwa mchoro umerekebishwa, umepakiwa, na maombi ya zamani bado yanakwama pale pale, hakuna jipya lililoharibika: maombi yaliyokwisha kuanza huendelea na toleo yaliloanzia mpaka uyahamishe mwenyewe.

Dalili: takwimu zinaonyesha ucheleweshaji ambao watu wanaukana

Injini inaripoti kwamba hatua ya kupima maziwa huchukua saa nne. Wahudumu wa kituo wanasema dakika mbili kwa mkulima. Meneja anaamini kompyuta, na wahudumu wanapokea barua. Katika hali hii ninaomba hatua yoyote ya kinidhamu isimamishwe mpaka mtu aende kituoni alfajiri akaone kazi inavyokwenda.

Atakachokiona ni hiki. Pikipiki ya kwanza inafika na mikebe kabla jua halijachomoza. Mpokeaji anachukua maziwa kidogo, anayachanganya na alkoholi kwenye kikombe kidogo na kukiinamisha kwenye mwanga wa tochi kutafuta chembe zilizoganda. Akiridhika, anatumbukiza laktomita, anasoma, anapima uzito, na kuandika yote kwenye daftari kwa kalamu, kwa kuwa foleni ni ndefu na mtandao wa kituo ni wa kubahatisha. Mwendo wa saa nne asubuhi, lori likishaondoka, anafungua kompyuta na kuingiza rekodi zote kwa mfululizo. Kwa injini, maziwa yote yalipokewa alfajiri, na "kupimwa" saa nne baadaye, wakati kitufe kilipobonyezwa. Ilichopima ni muda wa kuingiza data.

Kosa liko kwenye mchoro, ambao ulichorwa ofisini kwa maelezo ya watu wasiofika kituoni. Marekebisho yake ni mawili. Fomu iwe na nafasi ya muda wa kupimwa kama ulivyoandikwa daftarini, mbali na muda wa kuingizwa ambao mfumo hujiwekea, na ripoti itumie ule wa kwanza. Daftari nalo lichorwe kama hatua halali ya mchakato, lenye safu zinazolingana na za fomu, ili anayenakili asilazimike kupanga upya. Kulipiga marufuku daftari hakutaleta mtandao alfajiri. Kutaleta rekodi zilizobuniwa.

Kabla ya kuomba msaada

Hatua hizi zote zikishindwa, atakayekusaidia atahitaji kujua jina na toleo la injini, toleo la mchoro ambalo ombi lilianzia, kitambulisho cha ombi moja lililokwama, kipengele ambacho tokeni yake imesimama, thamani za data yake kwa wakati huo, na mistari ya kumbukumbu za seva ya dakika zinazozunguka tukio. Mtumie faili ya .bpmn yenyewe, kwa kuwa picha ya skrini haionyeshi masharti wala sifa zilizofichwa. Ondoa kwanza majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu za wanachama, ubadilishe kwa data ya kubuni yenye muundo ule ule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakihesabu chama kuwa na wajibu juu ya taarifa hizo hata zikiwa mikononi mwa fundi. Muundo uutunze kwa makini: ukibadilisha 0700 iliyokuwa na nafasi katikati ikawa bila nafasi, huenda umekifuta chanzo chenyewe kabla mtu mwingine hajakiona.